Bustani ya Kudumu: Tuanze na Sufuria, Kisha Jembe

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kile kipande kidogo cha ardhi kilicho mbele au ubavuni mwa nyumba zetu. Wengi wetu hukifagia kila asubuhi mpaka kikang'aa, na tunaona fahari kwa usafi huo. Lakini je, kipande hicho kinatulisha? Kinatupa kivuli, ua la kupamba meza, au jani la kuweka katika chai? Kama jibu ni hapana, basi makala hii ni yako.

Tunachotaka kupanga pamoja si tuta la mchicha. Mchicha ni mboga njema, lakini huota, huliwa na kwisha. Tunazungumzia bustani ya kudumu, yaani tuta moja lenye vichaka na mimea inayoishi miaka kadhaa, iliyochanganywa: mirefu, ya kimo cha kati na mifupi, ya kuliwa, ya kunukia na ya kupendeza macho. Hupandwa mara moja, kisha hutunzwa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wenzetu wa Kilimanjaro wana vihamba vyao, na wenzetu wa Kagera wana vibanja vyao. Huko utaona mti mrefu juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, na mboga chini kabisa. Kila mmea una ghorofa yake, na nyumba haikosi kitu cha kuchuma. Sisi wa Ikola na mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuwezi kuiga kila kitu chao, maana mvua yetu huanza Novemba na kukoma karibu na Mei, kisha ni jua na upepo mpaka Oktoba. Lakini wazo lenyewe twaweza kulichukua.

Siku ambazo ziwa halitoi

Wengi wanapotaka kupanda bustani huanza kwa kuuliza, "Nipande nini?" Sisi twashauri uanze na swali jingine: "Ni siku zipi sufuria yangu huwa tupu?"

Katika vijiji vya mwambao jibu lake tunalijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti tena, na mitumbwi hukaa ufukweni. Siku hizo hakuna kitoweo wala fedha ya kununulia mboga. Tena mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Nia ni njema, kwani ziwa lisilopumzishwa litawanyima wajukuu wetu. Lakini miezi hiyo mitatu huangukia kiangazi, wakati ambapo mchicha umekauka na maboga yamekwisha.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunayaona matokeo ya sufuria tupu. Tunayaona kliniki, mama mjamzito anapofunuliwa kope na ndani ni kweupe. Tunayaona kwenye mizani, mtoto anaporudi mwezi wa pili na wa tatu bila kuongezeka uzito. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu hauletwi na njaa peke yake. Huletwa pia na ugali uleule kila siku bila mboga, pamoja na maradhi ya mara kwa mara.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika miezi kuanzia Mei hadi Oktoba, na mbele ya kila mwezi andika kitu utakachochuma. Karatasi hiyo ndiyo ramani ya bustani yako. Jembe litakuja baadaye.

Mimea ya kuchagua

Kwa hali ya hewa yetu, mimea ifuatayo haina makuu.

Mbaazi. Hiki ni kichaka kinachoweza kuishi miaka mitatu au zaidi ukikipogoa. Mizizi yake huenda chini sana, hivyo hustahimili ukame, tena huongeza rutuba katika udongo. Mbaazi za kienyeji zinazochelewa kukomaa, zikipandwa Novemba, huanza kutoa maganda yenye kujaa karibu na Julai na kuendelea hadi Septemba. Ni chakula chenye kujenga mwili, na kinakuja wakati uleule ziwa linapofungwa.

Mlonge. Usiuache uwe mti mrefu. Ukifika kimo cha kiuno chako, kata ncha, utachipua matawi mengi na majani utayachuma ukiwa umesimama. Katika ukame mkali mlonge hupukutisha majani, lakini ukipata maji kidogo hubaki na majani ya kuchuma. Tutumie majani tu. Mizizi na magamba yake si ya kuchemshwa na kunywewa, na hasa mjamzito asiyaguse.

Kisamvu. Mashina mawili au matatu ya muhogo yatakupa majani kiangazi chote. Ila kumbukeni, akina mama, kisamvu kina sumu ndani yake. Lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Kisamvu cha haraka si kisamvu salama.

Matembele. Haya hufunika ardhi na kuizuia isikauke. Ukipata mbegu ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, utapata majani juu na vitamini A chini.

Pilipili kichaa, mchaichai na kivumbasi. Hivi ni viungo na harufu ya nyumba. Shina moja la pilipili huzaa miaka kadhaa. Mchaichai huotesha kichuguu cha majani kinachoshika udongo pembeni mwa tuta usichukuliwe na mvua.

Mndimu. Ukiwa na nafasi, panda mmoja mwishoni mwa tuta. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga za majani huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai, kinyume chake, huzuia. Basi chai isinywewe pamoja na chakula, isubiri walau saa moja. Na mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa sababu ana mboga nyumbani. Mboga husaidiana na vidonge, hazichukui nafasi yake.

Maua. Wapo watakaosema maua hayaliwi, ya nini basi? Sisi twasema nyumba si tumbo tu. Haibiskasi nyekundu huvumilia jua letu na kuchanua karibu mwaka mzima. Maua huwaita nyuki, na nyuki ndio wanaosaidia mimea yako kuzaa. Mke mwema anayesifiwa katika Mithali 31 alikuwa na shamba la mizabibu alilolipanda mwenyewe. Bila shaka alipenda pia kulitazama.

Mimea ya kuogopwa

Hapa twaomba msome polepole na kuwasomea watoto wakubwa.

Nyumba nyingi zimezungushiwa mibono, kwa kuwa mbuzi hawaili. Lakini mbegu za mbono zina ladha kama karanga, na watoto huzitafuna. Baada ya muda mfupi huanza kutapika na kuharisha vibaya. Mbegu za mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, ni hatari zaidi. Zinang'aa, zina madoa ya kuvutia, na mtoto akizitafuna zaweza kumwua. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Oleanda, ua zuri la waridi linalopandwa mijini, lina sumu kuanzia jani hadi mzizi.

Mimea hii isiwe katika bustani ya nyumba yenye watoto. Kama ipo tayari kwenye wigo, ing'olewe kidogo kidogo na kupandwa mingine mahali pake. Mikono na macho yalindwe wakati wa kuing'oa.

Mtoto akishatafuna mbegu, mtoe mabaki kinywani, msukutulishe, na umpeleke zahanati mara moja ukiwa umechukua mbegu au tawi la mmea huo ili mganga auone. Usimlazimishe kutapika. Usipoteze muda kutafuta maziwa au mawese ya kumnywesha. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda zahanati. Usikamulie maziwa ya mama jichoni.

Mahali pa kuweka tuta

Tuta la mchicha ukikosea mahali, msimu ujao unalihamisha. Bustani ya kudumu haihami. Kwa hiyo tupime kwanza.

Isiwe karibu na ufukwe. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, na watu wengi wa mwambao walipoteza nyumba na mashamba. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Isiwe chini ya mteremko wa choo. Maji ya mvua yakiteremka kutoka chooni hadi kwenye matembele, tumepanda kuhara.

Isigusane na ukuta. Nyumba nyingi ni za tofali mbichi, na maji ya kumwagilia hulegeza msingi. Acha hatua mbili kamili kati ya ukuta na tuta, na sehemu hiyo uendelee kuifagia. Hili pia ni jibu kwa akina baba na wakwe wanaosema, "Vichaka huleta nyoka." Wana haki ya kuogopa. Nyoka hufuata panya na vyura, na hupenda mahali asipoonekana. Basi pogoa matawi ya chini hadi kimo cha goti ili uone ardhi chini ya kichaka, usirundike kuni wala matofali hapo, na watoto wasiingize mikono kwenye majani yaliyorundikana. Kichaka kilichopogolewa hakifichi kitu.

Na mbu je? Mbu wa malaria hazaliwi kwenye majani, huzaliwa kwenye maji yaliyotuama. Maji hayo ndiyo ya kuondoa.

Kuchora na kupima

Tuta zuri la kuanzia ni la urefu wa mita sita na upana wa mita moja na nusu. Upana huo una sababu: mkono wa mama hufika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Udongo unaokanyagwa hushikamana, na mizizi hukosa hewa.

Kama tuta linazungukwa pande zote, mimea mirefu iwe katikati. Kama liko kando ya wigo, mirefu iwe nyuma, upande wa wigo, na mifupi mbele. Kwa tuta la kuzungukwa, mstari wa katikati uwe na mashimo manne yenye mita moja na nusu kati yake: mlonge, mbaazi, mlonge, mbaazi. Pande zake mbili, katikati ya nafasi hizo, weka mashina mawili ya kisamvu, mawili ya pilipili, na haibiskasi moja kila mwisho. Pembe nne zichukue mchaichai. Kivumbasi kipate nafasi karibu na njia, ili sketi ikikigusa kinukie. Ardhi yote iliyobaki ni ya matembele.

Usipande kwa kubananisha. Mche mdogo hudanganya macho. Mwezi wa kwanza tuta litaonekana tupu na majirani watauliza umepanda nini. Mwaka wa pili hawatauliza.

Udongo wetu wa karibu na ziwa ni wa kichanga, maji hupita upesi. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, lima kwenda chini kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, changanya ndoo nne au tano kubwa za samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyokwisha oza, na uache. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mvua zikishatulia, panda. Kisha tandaza majani makavu unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina.

Mbuzi na kuku hawana dini. Bila wigo hutavuna. Tumia matete au miiba. Twaomba jambo moja tu: chandarua kinacholaliwa kisigeuzwe wigo, wala wavu wa dagaa. Mahali pake ni kitandani, juu ya mama na mtoto.

Maji yatoke wapi?

Hili ndilo swali linalowakatisha tamaa wengi. Nani atachota maji ya bustani wakati ya kupikia yenyewe ni shida? Tena kila safari ya ziwani ina hatari yake. Maji ya kina kifupi yenye konokono yana kichocho, na mamba wapo. Bustani isiwe sababu ya kumwongezea mama au binti safari za ziwani.

Basi tutumie maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuogea, ya kuoshea mchele na ya kuoshea vyombo yanatosha. Yamwagwe kwenye udongo penye shina, si juu ya majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo na maji ya kufulia nepi za mtoto yasitumike hapo.

Kibuyu chirizi cha kunawia mikono nacho kisogezwe mwishoni mwa tuta. Kila mtu anaponawa anamwagilia mchaichai bila kujua. Nyumba inapata mikono safi na jani la chai kwa maji yaleyale.

Katika kiangazi cha kwanza, kila kichaka kipewe lita tano mara mbili kwa wiki, jioni. Vichaka kumi ni lita 100, yaani madumu matano kwa wiki nzima. Nyumba ya watu sita inayooga na kuosha vyombo humwaga zaidi ya hayo. Kiangazi cha pili mizizi ya mbaazi na mlonge itakuwa imeshuka, na kazi itapungua.

Kutoka bustani hadi kinywani

Mboga isiyoliwa haimsaidii mtu. Majani ya mlonge na matembele yapikwe kwa muda mfupi tu. Yatiwe mafuta kidogo, maana vitamini A haichukuliwi na mwili bila mafuta. Hapa Mungu ametujalia mawese, ambayo yana rangi hiyohiyo ya vitamini A ndani yake. Mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na kuendelea kunyonya, aanze kupewa majani hayo yaliyopondwa katika uji mzito au ugali laini, kijiko kwa kijiko. Dagaa wakiwapo, wasagwe na kuongezwa humo. Wasipokuwapo, mbaazi zilizochemshwa na kupondwa zitafaa.

Mwisho twasema neno juu ya makubaliano. Bustani ya kudumu hushika ardhi kwa miaka. Keti na mzee wa nyumba, mwonyeshe karatasi yako, mweleze ni miezi ipi sufuria huwa tupu na utajaza nini. Kama mnapanga, zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kuchimba. Watoto nao wapewe kila mmoja shina lake la kutunza. Mtoto hamng'oi rafiki yake.

Mbegu na vipandikizi visitugharimu fedha. Siku ya mkutano wa akina mama, mwenye mchaichai aje na mchaichai, mwenye mbaazi aje na mbaazi. Kila mmoja atarudi na bustani nusu mkononi.

Basi mwezi huu fanyeni mambo matatu: andikeni karatasi ya miezi, pimeni mahali kwa hatua, na kagueni wigo kama una mbono au mnyonyo. Novemba ikija na mvua, atakayekuwa tayari ndiye atakayechuma ziwa litakapofungwa.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu. Tuonane mwezi ujao.